Kizibo cha Juu

Kibwana alifungua kizibo cha chini kwanza. Ndivyo alivyozoea. Zamani, alipokuwa dereva wa Keya, jeshi la Mwingereza, katika vita vya Bama, magari ya jeshi yalikuwa mapya na kila kizibo kilitii spana, kwa hiyo hapakuwa na aliyejali kipi kitangulie. Tena hata nyumbani chungu humwagwa kwanza ndipo kijazwe. Basi asubuhi ile, nyuma ya nyumba yake pale Kibaha, alilala chali chini ya pikapu, akasogeza karai chini ya difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, akasema bismillahi, akazungusha.

Oili ilitoka nyeusi, ina chembechembe za chuma zilizometameta juani. Ilitoka kidogo kuliko ilivyopaswa kuwamo. Hilo halikumshangaza. Difu ilikuwa ikivuja tangu masika, na siku za karibuni ilianza kulia njiani kama fisi aliyebanwa mlangoni. Oili mpya alikuwa nayo, kopo zima, nzito kama asali. Alitaka aijaze, aishushe pikapu kwenye jeki, na kesho yake aende Mzenga kumwona mama yake, Bi Mwamini, aliyekuwa mgonjwa tangu Mfungo Mosi.

Alisubiri tone la mwisho lidondoke. Akarudisha kizibo cha chini, akakikaza. Kisha akapeleka spana kwenye kizibo cha juu, ubavuni mwa difu, pale oili mpya inapoingilia.

Kizibo hakikusogea.

Alishika kwa mikono miwili, akavuta. Spana iliteleza, vidole vikagonga chuma, ngozi ikabanduka. Akafuta tope na grisi kwa kitambaa, akasogeza uso karibu, ndipo alipoona. Kichwa cha kizibo kiliwahi kuwa na pembe nne. Sasa kilikuwa mviringo kama kokwa. Pikapu hii aliinunua kuukuu kutoka shamba moja la mkonge, na huko kuna mtu aliwahi kukipiga kwa nyundo na tindo mpaka pembe zote zikaisha, kisha akapaka grisi juu ili aibu isionekane.

"Subhanallah," alisema Kibwana, lakini hakusema kwa utulivu.

"Mzaramo kazikwa hai chini ya gari!" sauti ilisema nje. "Nimlilie, au nianze kugawa nguo zake?"

Kutoka chini Kibwana aliona gurudumu la baiskeli na miguu mipana iliyovaa makatambuga. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Bartolomeo alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Alikuja pwani kukata mkonge, akauacha mkonge, pwani hakuiacha. Sasa aliuza mkaa kwa baiskeli. Jumapili alikwenda misa kwa mapadri, na siku nyingine alipita kwa Kibwana kunywa chai na kumtukana. Kibwana hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tangu siku za mababu waliobeba mizigo ya misafara kuja pwani, na mtani hasusiwi. Siku Kibwana alipooa, Bartolomeo alikaa kizingitini akakataa bibi harusi asipite mpaka apewe jogoo. Wazee walicheka, wakampa. Ilikuwa haki yake.

"Nenda zako, mpagazi," Kibwana alijibu kutoka chini. "Leo hakuna chai."

"Si hii hapa kwenye karai? Ila imechemka mno." Bartolomeo alichuchumaa, akainamisha kichwa. "Umemwaga yote?"

"Nimemwaga."

"Na pa kujazia?"

Kibwana alikigonga kizibo kwa spana.

"Pa kujazia, Mzaramo?"

"Pamegoma."

Bartolomeo alicheka mpaka magunia ya mkaa yakatikisika kwenye baiskeli. "Kwetu mtu hutazama kwanza kama kamba ya kisima ipo, ndipo amwage maji ya mtungini. Ninyi mnaanza kucheza kabla ngoma haijawambwa!"

"Nipe hilo tindo, na maneno yako kaa nayo."

Bartolomeo alimpa tindo. Maneno hakukaa nayo. Alikuwa bado anaendelea, akieleza jinsi Wazaramo walivyopewa akili siku ambayo Mungu alikuwa na haraka, wakati baiskeli nyingine ilipoingia uani na mtu akaiacha ianguke.

Alikuwa Isihaka, mtoto wa mama mdogo wa Kibwana, kutoka Mzenga. Shati lilikuwa limemganda mwilini kwa jasho na vumbi lilimfika magotini.

"Hodi. Shikamoo, kaka."

Kibwana alitambaa kutoka chini ya gari. Hakuitikia. Aliutazama uso wa Isihaka, akajua.

"Mama," alisema Isihaka. "Alfajiri, kabla ya adhana. Alikwenda taratibu, kaka. Dada Biubwa alikuwa amemshika mkono."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema Kibwana. Alikaa juu ya tairi la akiba. Mkewe, Mwanaamina, alitoka jikoni, akawatazama mmoja mmoja, akapiga ukelele. Kwa muda uani palikuwa na kilio tu.

Bartolomeo alivua kofia. Alifanya ishara ya msalaba. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtani na mtani ana wajibu wake, alisema, "Amekufa kweli? Isije ikawa amejificha asinipe kuku wangu."

Isihaka alicheka na kulia pamoja. Kibwana hakucheka.

"Wanazika lini?" aliuliza.

"Leo, baada ya alasiri. Mwalimu Zahoro amesema maiti haifai kungojeshwa. Nami nimekuja kukuchukua. Dada Biubwa alisema, 'Mwambie awashe gari aje.'"

Wote walilitazama gari. Lilikuwa limeinuliwa nyuma kwa jeki, na chini yake karai la oili nyeusi ambayo nzi walikuwa wameanza kuizunguka.

Hapo ndipo uchungu wa Kibwana ulipopata mahali pa kukaa. Baba yake alizikwa Mzenga wakati yeye yuko Bama. Alikuja kuambiwa aliporudi, akaonyeshwa tuta lenye majani. Mama yake alimpeleka pale kaburini, na hakumlaumu, ila alisema neno moja tu. "Baba yako alishushwa na mikono ya watu. Mimi utanishusha wewe, Kibwana. Wewe peke yako ndiye mwanamume niliyemzaa." Naye aliapa mbele ya kaburi la baba yake kwamba atafanya hivyo. Pikapu yenyewe alipoinunua, mama aliipapasa ubavuni akasema, "Sasa huna udhuru."

"Chukua baiskeli yangu, kaka," alisema Isihaka.

"Kwa goti hili?" Goti la kulia la Kibwana lilirudi kutoka vitani halikunjiki. Lilitosha kukanyaga breki, halikutosha kuzungusha pedeli. Kubebwa nyuma ya baiskeli pia kusingefaa. Baada ya Mlandizi njia ya Mzenga ilikuwa mchanga mtupu, mahali ambapo hata mtu mzima wa miguu hushuka akaisukuma baiskeli. Wangefika usiku. Malori ya pamba yalikwisha kupita jana yake, na mengine hayakutazamiwa.

"Basi ni kizibo hiki," alisema Kibwana, akajifunga kikoi upya. "Bartolomeo, ingia huku unishikie tindo."

Lakini Bartolomeo alikuwa anafungua kamba za magunia yake. Aliyashusha moja baada ya jingine, akayaegemeza kwenye ukuta wa jiko.

"Mama Sikudhani," alimwambia Mwanaamina, "nitunzie mkaa wangu. Mkiutumia nitajua, nimehesabu kila kipande."

"Unakwenda wapi?" Kibwana alifoka.

"Mzenga. Kwenye msiba mtani hatumiwi salamu, anakwenda."

"Nakuomba unishikie tindo, wewe unanikimbia?"

"Tindo lina mwenyewe. Kazi yangu iko kaburini. Nisipokwenda nani atachimba? Ninyi mtamchimbia bibi wa watu shimo la kupandia muhogo."

"Bartolomeo!"

"Fungua kizibo, Mzaramo," alisema Bartolomeo, akarukia baiskeli. Alikwenda. Akiwa mbali bado walisikia kengele yake.

Kibwana aliwahi kuombewa na mama yake apewe subira, mara nyingi, kwa sababu mama alimjua. Siku ile subira ilimtoka kama oili. Alimlaani Mnyamwezi yule moyoni, akaomba toba, kisha akamlaani tena.

Walianza na mafuta ya taa. Walimimina kuzunguka kizibo, wakangoja yapenye kwenye kutu, na katika kungoja Kibwana hakuweza kukaa. Kisha Isihaka alishika taa ya mkono chini kule, na Kibwana akaweka tindo ukingoni mwa kizibo, akapiga nyundo ili kizunguke. Kipande cha chuma kilikatika, kikaruka. Kizibo kilibaki. Wakajaribu spana ya mabomba waliyoazima kwa jirani. Meno yake yaliuma, yakakwaruza, yakateleza, na Kibwana akajigonga kichwa kwenye fremu.

"Labda kinafunguka upande mwingine, kaka," alisema Isihaka.

"Upande mwingine upi?"

"Labda ni cha kushoto."

"Isihaka, hakuna kizibo cha kushoto duniani!"

Hata hivyo alijaribu upande mwingine, kwa kuwa mtu aliyekwama hujaribu hata ujinga. Sasa kizibo kilikuwa kimekazwa zaidi.

Mwanaamina alileta makaa kwenye kikaango kibovu, wakakisogeza karibu na difu ili chuma kipate moto na kulegea. Makaa yalikuwa ya Bartolomeo. Hakuna aliyesema lolote juu ya hilo. Chuma kilipata moto, wakapiga tena, na safari hii tindo lenyewe lilipasuka. Kibwana alilitupa, likaenda kugonga banda la kuku.

"Kwa nini nilimwaga?" alisema. Alikuwa amelala chini ya gari, macho yamefumbwa, na oili ilikuwa imemwingia kwenye ndevu. "Ningeiacha ile ile mbovu ingenifikisha. Ingelia njia nzima, lakini ingenifikisha. Nani alinituma nimwage?"

"Ulitaka kwenda kumwona mama kwa usalama," alisema Mwanaamina.

"Usinitetee!"

Mwanaamina alichochea makaa. Alikuwa ameolewa na Kibwana miaka ya kutosha kujua kwamba maneno yale hakuambiwa yeye. Msikitini kijijini paliadhiniwa adhuhuri.

Kibwana alitoka chini. Alijaribu kutia udhu, na hilo nalo likawa taabu. Oili ilizuia maji kufika kwenye ngozi, na pasipo maji kufika hakuna udhu. Alisugua mikono kwa jivu, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, huku Mwanaamina akimmiminia kutoka kwenye birika. Maji yalitelezea juu ya weusi kama kwenye jani la myugwa. Alisugua hadi vidonda vya vidole vikatoa damu. Na alipokuwa akisugua aliwaza jambo lililomkata maini. Hata nikifika, nitamshika mama kwa mikono hii?

Mwishowe viganja vilitakata, isipokuwa mistari myeusi kuzunguka kucha. Akasali. Katika sijda ya mwisho alikaa muda mrefu. Hakuomba muujiza. Alisema, "Ee Mola, nimefanya upumbavu. Usimwache mama yangu alipe." Hakujua la kuongeza, akalirudia lile lile.

Alipotoa salamu na kukunja mkeka, Mwanaamina alikuwa bado ameshika birika, na maji yaliyobaki yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mdomo wake mwembamba. Kibwana aliutazama ule mdomo. Akainuka, akalifuata gari akichechemea, akapitisha mkono juu ya ekseli, upande usioonekana. Pale juu ya difu palikuwa na kipua kidogo cha shaba ambacho difu hupumulia ikipata joto. Alikishika kwa vidole. Kilizunguka bila hata spana. Chini yake palikuwa na tundu lisilozidi unene wa kidole cha mtoto.

"Lete birika," alisema.

"Birika la udhu?" Mwanaamina aliuliza.

"Lete."

"Baba Sikudhani, hili halitatakata tena mpaka kiama."

"Nitakununulia jingine. Lete, mke wangu."

Mdomo wa birika ulikuwa mwembamba, lakini haukulifikia tundu, maana bodi ya gari ilizuia. Isihaka ndiye aliyekwenda nyuma ya choo akarudi na mabua ya majani ya mpapai, yale marefu yaliyo wazi ndani, ambayo watoto huyatumia kupulizia mapovu. Walichomeka bua kwenye mdomo wa birika, wakafunga kwa uzi wa kitambaa, wakaingiza ncha nyingine tunduni. Kibwana akamimina.

Hakikupita kitu. Oili ilikuwa nzito mno. Ilikaa kwenye bua kama uji kwenye koo la mgonjwa.

"Ipasheni moto," alisema Kibwana, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeogopa kutumaini.

Waliipasha kidogo kidogo juu ya mkaa wa Bartolomeo. Ikawa nyepesi, ikaanza kushuka, uzi mwembamba wa rangi ya dhahabu. Halafu difu ilijaa hewa, ikacheua, na oili ya moto ikarudi ikamwagikia Kibwana mkononi. Akauma meno. Bua lililegea kwa joto, likakunjamana, wakabadilisha jingine. Lilipasuka, wakabadilisha tena. Kuharakisha hakukuwezekana. Kila alipoinamisha birika kidogo zaidi, difu ilicheua. Ilimbidi amimine kama anayemlisha mtoto mchanga, na jua lilikuwa limeshavuka paa la nyumba.

"Tutajuaje imetosha?" aliuliza Isihaka.

Kwa kawaida oili hujazwa mpaka ifike kwenye tundu la kizibo cha juu, ianze kumwagika. Kizibo cha juu kilikuwa palepale, kimefumba. Kibwana alipima kwa karai. Alimimina kiasi kilichotoka, akaongeza kwa ajili ya kile kilichokwisha kuvuja, kwa kukisia, akasema, "Iliyobaki anaijua Mungu."

Walishusha jeki. Isihaka alitupia baiskeli nyuma, akapanda. Mwanaamina alikaa mbele na bahasha ya udi na ubani mapajani, na birika, ambalo hakuna aliyekumbuka kuliacha. Gari liliwaka. Walipopita Mlandizi na kugeukia njia ya Mzenga, kivuli cha pikapu kilikuwa kirefu ubavuni mwao.

Mchanga ulianza. Kibwana aliinamisha kichwa upande. Alisikiliza. Alisikiliza nyuma, chini, pale katikati ya ekseli, kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa chumba cha pili. Difu ililia kidogo, ikanyamaza. Ikalia tena walipopanda mwinuko karibu na Dutumi. Akasimama, akashuka, akaweka kiganja kwenye chuma. Akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto mno. Akiendelea hivi meno ya difu yatakatika, na hapo hata usiku hawatafika.

"Tungoje ipoe," alisema.

Mwanaamina alilitazama jua. "Ni alasiri."

"Najua."

"Sasa hivi wanasali huko."

"Najua, Mwanaamina!"

Walisali alasiri kando ya njia, juu ya kanga ya Mwanaamina, na gari likitoa joto ubavuni mwao. Huko Mzenga, kwa wakati huohuo, watu walikuwa wamejipanga mbele ya jeneza. Kibwana alijua. Alijua hatua zote. Baada ya salamu wataliinua, watakwenda haraka kwa kupokezana mabega, maana ni sunna kwenda haraka. Watafika makaburini. Mtu ataingia chini apokee. Nani? Labda mume wa Biubwa. Mtu mwema. Mikono ya watu.

Aliposimama, goti lilikataa, ikabidi Isihaka amwinue.

"Wameshamzika," alisema Kibwana. Hakusema kwa hasira tena. Aliendesha polepole kutoka hapo, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kukimbia.

Walipofika Mzenga uwanja wa nyumba ya mama ulikuwa umejaa wanawake, na wanaume hawakuwapo. Biubwa, dada yake, alitoka mbio kabla gari halijasimama. Kanga ilikuwa imemwanguka begani. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia, lakini alikuwa na hasira, na ndani ya hasira palikuwa na kitu kama kicheko.

"Kaka, unashuka hapa kufanya nini? Nenda makaburini! Yule Mnyamwezi wako amekataa kutoka!"

"Kutoka wapi?"

"Kaburini! Amelala ndani! Nenda!"

Makaburi yalikuwa nyuma ya mikorosho. Kibwana aliliendesha gari hadi mwisho wa njia, akashuka akichechemea. Wanaume walikuwa wamesimama kuzunguka shimo, wengine wamekaa chini kwa kuchoka, na jeneza lilikuwa limewekwa kando chini ya kivuli, limefunikwa kanga mpya. Mwalimu Zahoro, imamu, mzee mwenye ndevu nyeupe na uvumilivu mfupi, alikuwa ameinama ukingoni mwa kaburi akizungumza na ardhi.

"Bartolomeo, nakwambia kwa mara ya mwisho. Tumekupa kuku."

"Kuku mwembamba," ilijibu ardhi.

"Tumekupa mbuzi!"

"Mbuzi ana mimba. Mnataka nipate dhambi?"

"Maiti haingojeshwi! Dini inakataza!"

"Dini yenu, Mwalimu, si yangu. Mimi ni mtani. Huyu bibi aliniahidi nikija atanichinjia, na kila nilipokuja kuku wote walikuwa wamekwenda safari. Sasa amenikimbia. Nitalala hapa mpaka nilipwe faini ya haki."

"Faini ipi basi? Itaje!"

"Bado naifikiri."

Wazee wengine walikuwa wakijificha nyuso kwa vilemba. Hakuna aliyeweza kumtoa kwa nguvu. Tangu zamani mtani akilala kaburini hutolewa kwa kupewa, na anayemvuta hujiletea nuksi yeye na ukoo wake. Hata Mwalimu Zahoro, aliyechukia mambo hayo na kuyahubiria kila Ijumaa, hakuthubutu kumshika mguu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Kibwana.

Mwalimu Zahoro aligeuka. Kundi zima liligeuka. Kichwa cha Bartolomeo kilichomoza kutoka ardhini, nywele zimejaa udongo mwekundu.

"Marahaba," alisema Mwalimu, na mabega yake yakashuka. "Umefika."

Bartolomeo alimtazama Kibwana kuanzia ndevu zenye oili hadi miguuni. "Mzaramo mvivu wee. Mgongo wangu umekufa ganzi. Kizibo kimefunguka?"

"Hakijafunguka."

"Umejazia wapi basi?"

"Kwa tundu la kupumulia. Kwa birika."

"Kwa birika!" Bartolomeo aliwageukia wanaume. "Mmesikia? Analitilia gari udhu!" Watu walicheka, kicheko cha watu waliochoka kwa jua na huzuni. Kisha Bartolomeo alinyosha mkono. "Nitoe."

"Na faini yako?"

"Nitoe kwanza, nitaidai baadaye. Kunanuka Wazaramo humu."

Kibwana alimshika mkono, akamvuta. Bartolomeo alitoka, akajikung'uta, akasimama kando, akavua kofia. Hakusema neno tena mpaka mwisho.

Isihaka alimmiminia Kibwana maji. Alisugua mikono kwa udongo wa kaburi lenyewe, akaosha, akasugua tena. Mistari myeusi kuzunguka kucha haikutoka. Aliionyesha kwa Mwalimu Zahoro kama mtoto anayeonyesha kosa.

"Ingia," alisema Mwalimu. "Ni mafuta. Si najisi."

Goti halikukunjika, kwa hiyo walimshusha wawili wakimshika makwapa. Chini pale palikuwa na ubaridi, na kuta zilikuwa zimenyooka vizuri mno. Zilichongwa kwa jembe na mtu aliyejua kazi. Mume wa Biubwa alishuka upande wa miguu kumsaidia. Wakashusha mama taratibu. Alikuwa mwepesi. Kibwana alimpokea upande wa kichwa, akasema, "Bismillahi wa ala millati rasulillah," akamlaza ubavu wa kuume ndani ya mwanandani, akaelekeza uso kibla, akafungua fundo la sanda. Kidole gumba chake kiliacha alama pale, kijivu, juu ya kitambaa cheupe. Alijaribu kuifuta, ikaenea. Akaiacha.

"Nimekuja, mama," alisema.

Walifukia, wakasoma talkini, wakaomba dua. Jua lilikuwa linakaribia kuzama waliporudi kwenye gari, na Kibwana alitembea nyuma kabisa na Bartolomeo.

"Ulijua nitafika?" alimuuliza.

"Nilijua nini mimi? Nilikuwa nangoja mbuzi asiye na mimba." Bartolomeo alifika kwenye pikapu, akachungulia ndani. Akaingiza mkono kupitia dirishani, akatoa birika. Lilikuwa jeusi, limepakaa oili hadi mpinini, na kipande cha bua la mpapai kilikuwa bado kinaning'inia mdomoni.

"Hili," alisema. "Hili ndilo faini."

"Hilo la mke wangu! Halifai hata kwa maji ya kuku!"

"Limekwisha kuwa langu. Na mkaa wangu mliouchoma nitaudai huko huko Kibaha." Alilining'iniza kwenye usukani wa baiskeli yake, likagonga kengele. Kisha akainama, akachungulia chini ya gari, akaona difu ikidondosha tone moja jeusi juu ya mchanga, na kizibo cha juu kikiwa palepale. Akatikisa kichwa.

"Kesho, Mzaramo," alisema, "anza na hicho."